Kijana Atakaye Kusomea Uchumi na Kiwanja cha Baba Yake

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakishatangazwa, shauri zito huanza katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru. Kijana amepata alama za kumfikisha chuo kikuu, na mbele yake iko orodha ndefu ya masomo. Udaktari umempita kidogo, uhandisi nao umempita, na ualimu hautaki. Mwisho jicho lake latua juu ya neno moja, nalo ni Uchumi. Neno hilo lamvuta kwa sababu lasikika kama fedha. Baba yake alisikiapo hufurahi pia, maana adhani mwanawe aenda kufundishwa namna ya kutajirika. Ndipo mzee huanza kukitazama kiwanja chake cha kando ya barabara na kujiuliza moyoni kitaleta kiasi gani.

Yafaa shauri hilo lifikiriwe polepole kabla kiwanja hakijaondoka, kwa kuwa wako wazazi waliouza wakidhani wananunua kitu kimoja, kumbe wamenunua kingine.

Kwanza ifahamike kwamba Uchumi si uhasibu. Mhasibu hutunza daftari na kuonyesha fedha iliyoingia na iliyotoka. Wala Uchumi si biashara, maana mfanyabiashara mahiri wa soko la Thika huenda asijue hata jina la elimu hii, naye akafa tajiri. Uchumi ni elimu ya kuchunguza jinsi watu wachaguavyo, pale vitu wavitakavyo vinapokuwa vingi na njia za kuvipata zikawa chache. Mwaka 1932 Lionel Robbins, mwalimu wa chuo cha London School of Economics, aliieleza elimu hii kwa maana iyo hiyo, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangali wakifundishwa maelezo yake mpaka leo.

Maneno hayo yaonekana makavu, lakini mkulima wa Ruiru ayajua kwa mwili wake. Mtu mwenye ekari moja aweza kupanda kahawa, au kupanda majani ya ng'ombe wa maziwa, au kujenga vyumba vya kupanga. Hawezi kuyafanya yote matatu juu ya udongo ule ule. Akichagua vyumba, gharama yake si mawe na mabati peke yake. Ni pamoja na maziwa ambayo hatayakama. Wachumi huiita hiyo gharama ya kilichoachwa, na mwenye kuielewa sawasawa ameshika nguzo ya kwanza ya somo lote. Lugha yenyewe yasaidia hapa, maana neno uchumi limetoka katika kuchuma, na yule mama achumaye kahawa shambani na yule kijana aketiye darasani wamegawana neno moja. Tofauti yao ni kwamba kijana atatakiwa athibitishe kwa hesabu jambo ambalo mama alitambua kwa kulionja.

Wala si lazima mwanafunzi wa sehemu hizi aende mbali kutafuta mifano. Nchi ya kati ya Ruiru na Thika ni kitabu kilichofunuliwa. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na katika zama za ukoloni mashamba ya walowezi ya kahawa na katani yalitanda pande hizi. Mwafrika wa Kiambu na Murang'a alikuwa akiichuma kahawa ya wengine, lakini kuipanda yake mwenyewe kulizuiwa kwa muda mrefu. Mlango ulifunguliwa kwa upana baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, na baadaye wakulima wadogo wakajiunga katika vyama vya ushirika. Pale Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa katika miaka ya 1940. Kituo hicho ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, ambayo ni fupi, yastahimili kutu ya majani na ule ugonjwa unaoozesha tunda lingali bichi, na yapandwa kwa kusongamana kuliko mibuni ya zamani. Hektari iliyochukua mibuni 1,330 ya zamani yaweza kuchukua kama 2,500 ya aina hii.

Mtaalamu wa mimea atasema kwamba kazi imekwisha, maana mbuni mzuri umepatikana. Mchumi atauliza swali jingine: kama mbuni ni mzuri hivyo, mbona wakulima wengi walikawia kuupanda, na wengine wakang'oa hata ile waliyokuwa nayo? Jibu haliko katika udongo. Liko katika bei, nayo bei ya kahawa haiamuliwi Ruiru.

Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliyogandisha umande iliangukia mashamba ya kahawa ya kusini mwa Brazili na kuiua mibuni mingi mno kwa siku chache. Ulaya na Marekani watu hawakuacha kunywa kahawa kwa sababu hiyo. Waliendelea kuitaka karibu kama zamani, huku kahawa yenyewe imepungua. Bei ikapanda, na mwaka 1977 ilipita dola tatu kwa ratili katika soko la New York. Mkulima wa Gatundu na wa Thika akapata fedha ambazo baba yake hakuziota. Akajenga nyumba ya mawe, akalipa karo, akanunua gari. Lakini wakulima wa nchi nyingine nao walikuwa wakiona bei ile ile, nao wakapanda. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla haujazaa vizuri, kwa hiyo mibuni iliyopandwa kwa tamaa ya bei nzuri ilizaa yote wakati mmoja, bei ilipokwisha kushuka. Julai 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakigawia kila nchi kiasi cha kahawa itakayouza yalivunjika, na bei ikaanguka. Katika miaka ya 1990 Vietnam iliingia sokoni kwa nguvu kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2001 bei ya New York ilikuwa chini ya senti 50 kwa ratili.

Mzee wa Thika aweza kuisimulia habari hii yote bila kufungua kitabu. Mwanafunzi wa Uchumi huichora kwa mistari miwili, mmoja wa utashi wa wanunuzi na mmoja wa ugavi wa wakulima, kisha akaonyesha kwa nini ugavi ukipungua kidogo bei hupanda sana, na kwa nini mkulima mmoja mmoja, hata akiwa na akili nyingi, hawezi kuyazuia maporomoko yanayokuja. Kuchora peke yake si kitu kikubwa. Faida yake ni kwamba aliyeuelewa mchoro wa kahawa ataweza kuuliza swali hilo hilo juu ya parachichi, ambalo wakulima wengi walilikimbilia katika miaka ya karibuni kwa sababu ile ile waliyoikimbilia kahawa.

Kuna jambo jingine katika habari ya 1976 na 1977 lifaalo kukaziwa macho, kwa kuwa laonyesha elimu hii ikimjaribu mwanafunzi wake mwenyewe. Waziri wa Fedha wa Kenya wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, naye alisoma sekondari karibu na Thika. Alizaliwa Othaya mwaka 1931, akaingia shule ya Mang'u mwaka 1947 na kumaliza 1950. Shule hiyo ya mapadre ilianzia Kabaa mwaka 1925, ikahamishiwa kijiji cha Mang'u, na baadaye ikahamia mahali ilipo sasa, nje kidogo ya mji wa Thika. Kibaki alikwenda Makerere, ambacho tangu 1949 kilikuwa kikitahini kwa shahada za London, akashinda daraja la kwanza katika Uchumi mwaka 1955. Akaendelea London School of Economics akisomea fedha za serikali, kisha akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1960 aliiacha kazi hiyo nzuri akawa mtumishi wa chama kipya cha KANU. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitamani kuwa askari, lakini serikali ya wakati ule haikutaka kuandikisha Wakikuyu jeshini. Huenda jeshi lilipoteza ofisa. Hazina ilipata mchumi.

Basi fedha ya kahawa ilipofurika, serikali za nchi kadhaa za Afrika zilijichukulia sehemu kubwa ya bei na kumwachia mkulima kidogo. Kenya haikufanya hivyo. Bei ya dunia iliachwa imfikie mkulima. Wako waliodhani kwamba wakulima wangeitapanya fedha hiyo kwa pombe na harusi, na kwamba afadhali ikae na serikali yenye wataalamu. Wachumi waliokuja kuichunguza habari hiyo baadaye, Paul Collier wa Oxford akiwa mmoja wao, walieleza kinyume: wakulima waliweka akiba sehemu kubwa ya neema hiyo kama watu wajuao kwamba haitadumu, ilhali serikali, mapato ya kodi yalipoongezeka, ilipanua matumizi yake kana kwamba bei ile ingekaa milele. Bei iliposhuka, mkulima alikuwa na nyumba ya mawe, na serikali ilikuwa na matumizi isiyoweza kuyapunguza kwa urahisi. Mwanafunzi atakayeusoma uchunguzi huo atajifunza kumheshimu mtu asiye na shahada. Hilo ni funzo ambalo baadhi ya wasomi huchelewa kulipata.

Mang'u ilikuwa na mvulana mwingine, naye ni Tom Mboya. Yeye aliondoka shuleni hapo kwa sababu ya upungufu wa karo, akajifunza ukaguzi wa afya mjini Nairobi, akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1955 akapata nafasi ya mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin, Oxford. Hakupata shahada ya Uchumi, lakini mwaka 1965 wizara yake ya mipango ya uchumi ndiyo iliyotoa Waraka wa Bunge namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, ulioelekeza mipango ya Kenya kwa miaka mingi. Mwezi Julai mwaka ule ule, Barack Obama, Mkenya aliyesomea Uchumi Hawaii kisha Harvard, na ambaye mwanawe alikuja kuwa rais wa Marekani, aliandika katika jarida la East Africa Journal kuukosoa waraka huo, hasa katika mambo ya ardhi na umiliki. Hapa mzazi aweza kuona kwamba Uchumi si katekisimu yenye jibu moja kwa kila swali. Watu wawili wenye akili na elimu waweza kuutazama ukweli mmoja wakaachana njiani, na chuo kikuu hakimwambii mwanafunzi amfuate nani. Humfundisha kuuliza kila mmoja ushahidi wake uko wapi.

Sasa, masomo yenyewe. Katika ukanda huu wa barabara ya Thika hakuna uhaba wa vyuo. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, kabla ya kufika Ruiru. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kiko Juja, nacho kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani kikiwa chuo cha kilimo na ufundi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mjini Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ambacho ni cha watu binafsi na kilipata hati yake mwaka 2011. Shahada huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza hufundishwa misingi: soko, bei, kampuni, na mapato ya taifa. Mwaka wa pili mambo hayo hayo hurudiwa kwa undani, na hapo ndipo vijana wengi huanza kuchoka. Kisha huja fedha na mabenki, kodi na bajeti ya serikali, biashara baina ya mataifa, maendeleo, na uchumi wa kilimo.

Lakini yako mambo mawili ambayo vijana wengi hawaambiwi mapema, nayo ni hesabu na takwimu. Mwanafunzi wa Uchumi hukutana na kalkulasi mapema sana, yaani zile hesabu za kupima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilika. Kisha hukutana na ekonometriki, ambayo ni kazi ya kuyatumia matarakimu mengi kupima ukweli wa dai, na siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Kijana aliyeikimbia hesabu shuleni akadhani ya kuwa ameiepuka kwa kuchagua Uchumi atakuwa kama mtu aliyekimbia mvua akaingia mtoni. Kabla fomu haijajazwa, afadhali kijana aende katika chuo kimojawapo kati ya hivyo, aombe kuonyeshwa karatasi ya mtihani wa hesabu wa mwaka wa kwanza, aketi nayo saa moja. Nauli kutoka Thika mpaka Juja si kubwa. Saa hiyo itamwambia mengi kuliko shangazi, mwalimu mkuu na rafiki zake wote.

Yabaki swali la baba, nalo ndilo lenye uchungu. Je, auze kiwanja?

Haki yenyewe ni kwamba mzee na afanye hesabu ile ile ambayo mwanawe aenda kufundishwa. Mathalani, karo na chumba cha kupanga ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 600,000. Wazazi wengi huishia hapo. Lakini kijana huyo kama hangekwenda chuo angeweza kupata kazi, hata katika duka au kiwanda cha mananasi, na mathalani angelipwa 15,000 kwa mwezi. Miezi 48 ya mshahara huo ni shilingi 720,000. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haina risiti. Kwa hiyo gharama ya kweli ni 1,320,000. Chakula kisitiwe katika hesabu, isipokuwa kile kinachozidi, kwa sababu kijana angekula hata akibaki nyumbani, na pengine angekula zaidi.

Upande wa pili, shahada imwezeshe mathalani kupata shilingi 20,000 kwa mwezi zaidi ya vile ambavyo angepata bila shahada. Kwa mwaka ni 240,000, na gharama yote itarudi baada ya miaka mitano na nusu. Hiyo si mbaya. Lakini iwapo atakaa miaka miwili akitafuta kazi baada ya kuhitimu, kama inavyowapata wengi, atapoteza mshahara mwingine wa 360,000. Gharama itafika 1,680,000, na kurudi kwake kutachukua miaka saba ya kazi. Na shilingi itakayopatikana baada ya miaka kumi si sawa na shilingi iliyoko mkononi leo. Matarakimu haya ni ya mfano tu. Kila nyumba na iweke yake. Jambo la maana ni kwamba neno moja katika hesabu hiyo lina nguvu kuliko karo yenyewe, nalo ni muda wa kungoja kazi. Mzazi huuliza bei ya karo mara kumi, na muda wa kungoja hauulizi hata mara moja.

Kuhusu kazi zenyewe, ukweli uko katikati. Benki Kuu, Hazina, shirika la takwimu la taifa na taasisi za utafiti huajiri wachumi, lakini nafasi zao ni chache na wengi huzigombea, na huko shahada ya pili hutakiwa mara nyingi. Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, kila kaunti yapaswa kisheria kuwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na kazi hiyo yahitaji watu wa mipango. Mabenki, vyama vya akiba na mikopo, makampuni ya bima na mashirika ya misaada nayo huwachukua. Wako pia wahitimu wauzao simu Ruiru na kuendesha pikipiki Thika. Mara nyingi anayepata kazi mapema ni yule aliyetoka na ufundi unaoonekana: ajuaye kuichambua takwimu kwa kompyuta, aandikaye taarifa fupi ikaeleweka, aliyepata kushika kazi wakati wa likizo.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa wazazi wenye moyo mwema. Kijana aingia mwaka wa pili, hesabu yamshinda, arudia mitihani, na ataka kuhamia somo jingine. Baba akasirika: shilingi laki tatu zimekwisha kwenda, basi lazima amalize. Mchumi atamwambia mzee kwa adabu kwamba zile laki tatu hazimo tena katika shauri. Maji yakimwagika hayazoleki. Zimekwenda kama atamaliza na zimekwenda kama atahama. Swali lililobaki ni moja: fedha na miaka iliyo mbele italeta zaidi wapi? Yamkini jibu ni kumaliza, yamkini ni kuhama. Lakini lijibiwe kwa mambo ya mbele. Chai nyingi za baridi zimenywewa barazani kwa sababu baba na mwana walibishana juu ya laki tatu zilizokwisha kupita.

Na kiwanja? Hapa Ruiru ina habari yake. Barabara kuu ya Nairobi mpaka Thika ilianza kupanuliwa mwaka 2009, na ikafunguliwa Novemba 2012 na Rais Kibaki, yule yule mvulana wa Mang'u. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 mji wa Ruiru ulikuwa na watu zaidi ya 490,000, zaidi ya mara mbili ya wale wa mwaka 2009, nao umeipita Thika yenye watu 250,000 na ushei. Mashamba makubwa ya kahawa yaliyowatazama wasafiri miaka mingi yamekatwa viwanja, na mji mpya wa Tatu umeinuka juu ya ardhi iliyokuwa ya mibuni. Hakuna aliyemshika mkulima mkono akamlazimisha kung'oa. Bei ya ardhi ilimwambia kila asubuhi gharama ya kile alichokuwa akikiacha kwa kuendelea kuchuma.

Basi mwenye kiwanja karibu na barabara hiyo anayo mali ambayo huenda inapanda bei hali amelala. Akiiuza leo alipe karo, gharama yake si bei ya leo tu. Ni pamoja na bei ya miaka ijayo atakayoisikia kwa jirani. Kwa upande mwingine, halmashauri ya mikopo ya wanafunzi, iitwayo HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hukopesha wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na mkopaji hutazamiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ikiwa kiwanja chapanda kwa asilimia 10 kwa mwaka na mkopo wagharimu asilimia 4, kuuza kiwanja ili kuuepuka mkopo ni kutoa kumi ili kuokoa nne. Ikiwa kiwanja kiko bondeni ambako bei imelala, au kina kesi, hesabu yageuka. Tena, tangu mwaka 2023 mpango wa kugharimia wanafunzi umebadilishwa ili kila mmoja asaidiwe kwa kadiri ya uwezo wa nyumba yao, na mabadiliko hayo yamebishaniwa mahakamani. Kwa hiyo mzazi asitegemee habari za mtoto wa jirani aliyeingia chuo zamani, bali aulize upya kila mwaka katika ofisi zenyewe.

Mkopo nao ni deni, na litakuwa shingoni mwa kijana, si mwa baba. Wako wazee wasiopenda mtoto aanze maisha na deni, na fikira hiyo ina heshima yake. Lakini kijana asiyekuwa tayari kukopa kwa ajili ya Uchumi, hali yuko tayari baba auze ardhi kwa ajili ya Uchumi huo huo, aulizwe ni kwa nini.

Mwisho wa yote, mzee akiisha amua kuuza, yako mambo ya sheria. Ardhi ya kilimo haiuzwi mpaka bodi ya ardhi ikubali, na nyumba ya ndoa pamoja na shamba la jamaa haliuzwi pasipo mke kuridhia. Mara nyingi karatasi hufika kwa mama ikiwa ya mwisho, yasubiri kidole chake tu. Akisema aletewe kwanza ile hesabu ya karo, ya mshahara uliopotea, ya miaka ya kungoja kazi na ya bei ya kiwanja, na asomewe mstari kwa mstari na kijana mwenyewe atakaye kusomea Uchumi, ana haki ya kungojewa.